Mama Timazi na ukuta wa mifuko mitatu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mama Timazi anaokota tofali kutoka kwenye rundo lililobaki nyuma ya zahanati, analiinua hadi usawa wa kiuno, kisha analiachia lianguke. Tofali linapotua halitoi mlio wa kitu kigumu. Linamwagika.

Anaokota la pili, nalo linamwagika. La tatu linapasuka vipande viwili na ndani yake unaonekana mchanga mtupu, kana kwamba saruji ililipitia kwa mbali ikalisalimia tu.

"Shemeji," anamwita mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ndiye saidia fundi wake. "Njoo uone keki."

Shemeji anakuja na koleo begani. Anatazama, anakuna kichwa. "Hii hata chai haihitaji," anasema. "Inayeyuka yenyewe."

Kicheko hakidumu. Matofali mia moja na sitini ya aina hiyohiyo yameshapangwa kuwa ukuta mzima wa nyuma wa chumba kipya cha kujifungulia. Juu ya ukuta huo ndipo inapotakiwa kukaa lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaozifunga kuta zote kabla ya paa. Na zimebaki siku saba injinia wa halmashauri aje kukagua.

Asipoikuta lenta, mabati yatakwenda kata nyingine. Mwaka wa fedha unafungwa mwisho wa mwezi, na fedha zisizotumika hurudi zilikotoka.

Mama Timazi ana umri wa miaka arobaini na nane. Ni mwembamba, mkavu, na ana viganja ambavyo mkwe wake husema vinaweza kusugua sufuria bila mchanga. Jina lake la kuzaliwa limesahaulika mitaani. Wanamwita kwa kile chuma kidogo kinachoning'inia kwenye kamba, ambacho mafundi hukitumia kujua kama ukuta umesimama wima. Wengine hukitoa wanapoanza kazi na wanapomaliza. Yeye hukitoa kila baada ya kozi mbili, yaani safu mbili za matofali.

"Macho ya binadamu yana aibu," anasema. "Yakimwona mwenye nyumba amesimama hapo, yanaona ukuta umenyooka. Timazi haimjui mwenye nyumba."

Kazi hiyo aliifuata kwa ndoa. Mumewe alikuwa fundi mwashi, naye akawa saidia fundi wake, akibeba ndoo za udongo kichwani na mtoto mgongoni. Miaka tisa iliyopita mume aliugua akafariki, akiacha watoto watatu na nyumba ya mteja iliyofika kozi ya tano. Mteja alikuja msibani kutoa pole, na kabla hajaondoka akauliza, kwa upole, habari za pesa alizotanguliza.

"Nikamwambia, baba, pesa zimeshaliwa na dawa. Lakini nyumba yako nitaimaliza mimi. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kuku atalima."

Aliimaliza. Mteja alileta fundi mwingine aikague, na fundi huyo akazunguka na timazi kona zote nne, akarudi akasema hana la kusema. Tangu siku hiyo mama huyu hajakosa kazi kabisa, ingawa kazi zenyewe si za kila siku. Kwa mwezi mzuri hupata siku kumi na tano. Ujira wa siku moja ni zaidi kidogo ya nusu mfuko wa saruji, naye huhesabu hivyohivyo: karo ya mtoto wa mwisho ni mifuko minne, bati la choo kilichoezuliwa na upepo ni mfuko mmoja na robo.

Watu hupenda kumtania kwa ile methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Amekwisha kuizoea. "Mimi methali hiyo ndiyo inanilisha," hujibu. "Mkianza wote kuziba nyufa, watoto wangu watakula nini?"

Katika ujenzi huu wa zahanati aliitwa mwishoni, mambo yakiwa yameshaharibika.

Utaratibu wa halmashauri ni mmoja, na kila mtu anaujua: wananchi wajenge kuta hadi lenta, halmashauri itapaua. Anayejisaidia atasaidiwa. Kwa kuusikia ni utaratibu wa haki kabisa, mpaka utazame ramani iliyobandikwa ofisini kwa injinia. Katika miaka mitatu, halmashauri imepaua majengo kumi na manne. Kumi na moja yako kandokando ya barabara ya lami, kwenye kata zenye maduka, maghala na watu wanaopokea mishahara. Huko kuta hufika kwenye lenta kwa miezi miwili. Kwa maneno mengine, mabati huwafuata wenye saruji.

Injinia mwenyewe hapingi. Ni kijana mpole, mwenye viatu vilivyokwisha upande mmoja. "Hatuna kiwanda, hatuna hoteli kubwa," anasema. "Tunaishi kwa ushuru wa soko moja na kokoto za machimbo mawili. Ruzuku kutoka juu inafika mwaka unakaribia kuisha. Ni shuka fupi, ukivuta kichwani miguu inabaki nje. Na miguu siku zote ni ya watu walewale."

Kata ya Mama Timazi ni miguu. Ina mitaa minne na zahanati moja yenye vyumba viwili, cha daktari na cha dawa. Hospitali iko umbali wa kilomita ishirini na saba. Muuguzi wa zahanati hiyo ana daftari ambalo hakuagizwa na mtu kuliandika. "Mwaka jana akina mama kumi na tisa wa kata hii walijifungulia njiani," anasema. "Watoto wawili hawakufika."

Mmoja wa hao wawili alikuwa mjukuu wa kwanza wa Mama Timazi.

Mkwe wake, mke wa kijana wake mkubwa, alishikwa na uchungu akiwa nyumbani. Pikipiki iliharibika katikati ya safari. Mama Timazi hapendi kulisimulia jambo hilo, na akiulizwa hujibu kwa sentensi moja. "Nilimpokea kwa mikono hii, na mikono hii haikujua la kufanya." Sasa mkwe ana mimba ya miezi saba.

Ndiyo maana viongozi wa mitaa walipomfuata wiki hiyo, wakimwambia kuta ziko tayari na kinachohitajika ni fundi wa kupiga lenta ndani ya siku kumi na moja, hakuuliza malipo kwanza. Alikubali ujira wa mifuko sita ya saruji kwa kazi nzima. Kisha akaenda kuziona hizo kuta.

Alichokikuta kilimkalisha chini. Mitaa minne iligawana jengo, kila mtaa upande wake, ili kusiwe na ugomvi wa nani amechangia nini. Wazo zuri. Tatizo ni kwamba kila mtaa ulianza ukuta wake kwenye kona na kuumaliza kwenye kona, bila tofali hata moja kuvuka kwa jirani. Matofali ya kona yanatakiwa yang'atane kama meno. Hapa kona zote nne zilikuwa na upenyo wa kupitisha kidole kutoka juu hadi chini.

"Nikawauliza, jamani, mbona hamkuzifunga kona? Wakasema, fundi, tofali letu likiingia kwenye ukuta wao si watahesabu la kwao?" Anasimulia huku akitikisa kichwa. "Wamejenga kuta nne. Nyumba hawajajenga."

Hilo lilikuwa na dawa. Kwa siku tatu yeye na Shemeji walichomoa matofali ya pembeni, moja wakiliacha na moja wakilitoa, wakazisuka kona upya. Walipofika kona ya tatu, patasi ikazama kwenye ukuta wa nyuma kama imeingia kwenye uji. Asubuhi ya siku ya nne ndipo anapoangusha matofali.

Ukuta wa nyuma ni wa mtaa wa bondeni.

Bondeni ndiko maji ya mvua yanakoishia, na watu waliokosa pa kwenda pia. Ni vibarua wa machimbo, wafua nguo, wauza mkaa wa kupima kwa kopo. Kati ya wale akina mama kumi na tisa, muuguzi anasema kumi na mmoja walikuwa wa huko.

"Shemeji, tuuache hivyohivyo," anashauri saidia fundi, akiangalia pembeni. "Tuupige plasta nzito. Injinia anakuja mara moja tu."

"Na mtoto atakayelazwa chini yake naye amekuja mara moja tu?"

Shemeji anashusha koleo begani. Ni mcheshi, lakini si mjinga.

Saa mbili Mama Timazi anamtuma akamwite mwenyekiti wa bondeni, mama mfua nguo aliyechaguliwa kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe, wanaume wote wa huko walikuwa wamechoka kutukanwa. Anakuja na wanawake wengine sita, mikono ikinuka sabuni. Mama Timazi hazunguki. Anaokota tofali, anawaambia watazame, analiachia.

Wanawake wanaangalia unga wa mchanga miguuni mwao. Mmoja anainama kuugusa.

"Mfuko mmoja mlitoa matofali mangapi?" Mama Timazi anauliza.

"Sabini," mwenyekiti anajibu polepole.

"Mfuko hutoa thelathini na mbili, mama yangu. Ukibana sana, thelathini na tano."

"Tunajua." Mwenyekiti anaipangusa mikono kwenye kanga ingawa ni mikavu. "Kila mtaa uliambiwa mifuko mitano. Tulichanga miezi mitano, tukapata mitatu. Mitaa mingine walishaanza kuuliza, nyinyi wa bondeni vipi, mnangoja kuzalishwa bure? Tukasema tutafyatua kwa hiyo mitatu. Maji tulibeba sisi, mchanga tulichimba sisi. Sasa tungesema nini, kwamba sisi ni maskini? Nani hajui?"

"Mngeniambia mimi."

"Wewe hukuwepo, fundi. Na hata ungekuwepo, tungeona haya."

"Mficha uchi hazai, mama."

Mwenyekiti anacheka, cheko la uchungu, kwa sababu methali hiyo haijawahi kusemwa mahali panapoistahili zaidi ya hapo.

Mama Timazi anawaambia lililobaki bila kulipamba. Ukuta lazima uanguke. Matofali mapya yangehitaji siku saba za kumwagiliwa maji kabla ya kujengewa, na siku hizo hawana. Yanatakiwa matofali yaliyokwisha kukomaa, mia moja na sitini, leo. Na anajua yalipo.

Yako nyuma ya genge la mwenyekiti wa mtaa wa sokoni, yamepangwa vizuri na kufunikwa turubai. Ni ya ofisi mpya ya mtaa. Mwenyekiti wa sokoni ni baba mnene wa sauti ya taratibu. Anawapokea vizuri, anawapa viti, kisha anakataa.

"Fundi, nakuheshimu. Lakini watu wangu wamechangia ofisi. Mwaka wa tatu huu tunafanyia mikutano chini ya turubai. Nikiyatoa kwa bondeni, kesho nitawaambia nini?"

"Waambie ofisi haishikwi na uchungu wa kuzaa."

Mkewe, anayepanga nyanya mafungu mafungu mbele ya genge, anainua kichwa. "Mume wangu," anasema, "mjukuu wetu wa mwisho alizaliwa wapi?"

Kila mtu pale anajua alizaliwa kwenye gari la kubebea kokoto.

Hata hivyo, mwenyekiti wa sokoni anataka dhamana, na si vibaya kuitaka. Mkono mtupu haulambwi. Bondeni watafyatua matofali mia moja na sitini mengine, ya kweli, kuwarudishia sokoni. Lakini kwa saruji gani? Wanawake wa bondeni wanatazama chini. Mama Timazi anapiga hesabu kichwani, na hesabu hiyo haimchukui muda mrefu.

"Mifuko mitano toeni kwenye ujira wangu," anasema. "Wa sita niachieni, ni wa unga."

Shemeji anakohoa. "Niseme tu mapema kwamba ujira wangu mimi ni kitu kingine."

"Wako umeshaunywa, Shemeji. Wewe pakia toroli."

Saa tano wanawake wa bondeni wanasimama mbele ya ukuta wao. Mama Timazi amekwisha kuinua nyundo, lakini mwenyekiti anamwomba ampe. "Tuliujenga wenyewe," anasema. "Tutaubomoa wenyewe."

Anapiga. Ukuta haupigani. Kufikia adhuhuri miezi mitano ya michango imelala chini, na wanawake wawili wanalia waziwazi huku wakizoa. Hakuna anayewanyamazisha. Inauma kuona kitu ulichojinyima chakula kwa ajili yake kikianguka kwa nyundo nne. Mama Timazi anaelekeza kifusi chote kimwagwe ndani ya chumba na kishindiliwe, kwa kuwa sakafu ilihitaji kujazwa, na kifusi cha kununua kina bei.

Siku mbili zinazofuata kazi inakwenda kama msiba wa mtu mkubwa: kila mtu yupo na kila mtu ana la kufanya. Wa mtaa wa machimboni wanaleta kokoto. Wa mtaa wa barabarani wanaleta mbao za kufungia zege. Mama Timazi anajenga, na safari hii anataka wanawake wa bondeni wasibaki kubeba ndoo. Anampa mwenyekiti mwiko.

"Sijui," mwenyekiti anasema.

"Nguo nyeupe ya mtu ilikuwa inakushinda mara ya kwanza?"

Tofali la kwanza linakaa upande. La nne linakaa sawa. La tisa Mama Timazi analipima kwa timazi na hasemi kitu, na waliomzoea wanajua kwamba hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote.

Nyumbani jioni, mkwe anampashia maji ya kukanda mabega. Amevaa shati la mumewe juu ya tumbo kwa sababu magauni yamemkataa. "Mama, usijiue kwa ajili yangu," anamwambia.

"Sijiui. Nikijiua nani atapiga lenta?" Kisha, baada ya muda: "Na si kwa ajili yako peke yako. Usijipe ukubwa."

Siku ya kumi asubuhi zege la lenta linamwagwa, ndoo kwa ndoo, mkono kwa mkono, mstari wa watu ukianzia kwenye lundo la kokoto hadi juu ya ngazi. Saa nane mchana mkanda umekamilika pande zote nne. Shemeji anaumwagilia maji taratibu na kuwafukuza kuku wanaotaka kuukanyaga.

Injinia anafika kesho yake kwa pikipiki ya kukodi. Gari la halmashauri halina mafuta. Anatoa pima maji yake, anazunguka, anagonga kuta kwa kifundo cha kidole. Kwenye ukuta wa nyuma anasimama muda mrefu. Matofali yake ni meusi kidogo kuliko mengine.

"Huu ni mpya," anasema.

"Una siku tano," Mama Timazi anajibu. Anamweleza yote, mifuko mitatu, patasi, nyundo. Mwenyekiti wa bondeni yuko pembeni na anasikia, na safari hii hainamishi kichwa.

Injinia anasikiliza hadi mwisho. "Nimekagua maboma mengi," anasema. "Watu huniambia nisitazame nyuma." Anaweka fomu juu ya toroli lililopinduliwa, anasaini.

Kabla hajapanda pikipiki anatoa ile habari nyingine. Mabati na mbao zimepita. Milango, madirisha na kitanda havikupita, kwa sababu ushuru wa soko ulipungua mwaka huu. Labda mwaka ujao wa fedha, kama mambo yataruhusu. Anasema hivyo bila kumtazama mtu usoni, na ukweli ni kwamba si yeye aliyelifupisha shuka.

Mabati thelathini na mawili yalifika siku mbili kabla ya mwaka kufungwa. Fundi seremala yuko juu hivi sasa, misumari ikilia. Bondeni wamekwisha kufyatua matofali tisini kati ya mia moja na sitini, na kila jioni mwenyekiti wa sokoni hupita kuangusha moja, kwa utani ambao si utani.

Mama Timazi ana mpango, na ameuweka wazi mbele ya watu ili asije akarudi nyuma. Wanawake sita wa bondeni anataka kuwafundisha uashi kamili, kona, lenta na kila kitu, kwa sababu kata hii ina madarasa mawili yaliyokwama kwenye msingi na mwaka ujao ushindani wa mabati utaanza upya. "Wa barabara ya lami wana sementi," anasema. "Sisi tutakuwa na mafundi. Tuone nani atawahi."

Mkwe wake amebakiza wiki tano. Muuguzi ameshaahidi godoro. Alipoulizwa chumba hicho kitatumikaje bila mlango, Mama Timazi aliacha kuosha mwiko wake, akautazama upenyo ule mtupu ukutani, upana wa futi tatu, kimo cha futi saba, akaupima kwa macho kama mshonaji anayempima mteja nguo.

"Siku ya mkwe wangu nitasimama hapo mimi," alisema. "Siku ya mtoto wa bondeni atasimama mwenyekiti. Tutapokezana mpaka halmashauri ilete mlango."